Askari wa Nassau: kijani kipi, na mikanda rangi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Wiesbaden mwaka wa sita sasa. Kila asubuhi nikienda kazini napita Luisenplatz, pale penye mnara wa askari wa Nassau, nchi ndogo ya zamani ya Kijerumani, waliokufa kwenye vita vya Waterloo. Siku moja nikajikuta nimenunua boksi la askari wa plastiki wa milimita 28, limeandikwa Nassau 1815. Picha ya juu ya boksi inawaonyesha na suruali za kijivu. Kitabu nilichoazima maktaba kinaonyesha suruali za kijani. Mwenzangu mmoja tunayepaka naye rangi anashikilia kwamba mikanda ya kifuani iwe myeupe kama ya Wafaransa. Nani mkweli? Tena hiki kijani chenyewe kila nikikipaka kinageuka cheusi. Nisaidie.

Jibu: Marahaba mwanangu. Niondoe kwanza lililo jepesi. Mwenzako amekosea kwenye mikanda. Askari wa miguu wa Nassau alivaa koti la kijani cha giza, kola nyeusi, mapindo ya mikono meusi, paipini (mstari mwembamba wa kitambaa wa ukingoni) ya manjano pembeni, vifungo vya njano vya kung'aa, na mikanda ya kifuani ya ngozi isiyopakwa chokaa. Hiyo mikanda ndiyo alama yake kubwa. Rangi yake ni ile ya ngozi ya ngoma iliyokwisha kuwambwa na kukauka juani: si manjano, si kahawia, ipo katikati. Ukiipaka nyeupe utakuwa umempata askari mwingine kabisa.

Suruali ndiyo yenye maneno. Hapo sitakwambia picha ya boksi ina haki au kitabu kina haki, kwa sababu swali lenyewe bado halijakamilika. Umeniuliza Nassau walivaaje. Niulize Nassau wa rejimenti gani, mahali gani, siku gani. Nchi kubwa kama Ufaransa imeacha picha na mavazi mengi, hata ukikosea kidogo kuna wa kukusahihisha. Nchi ndogo ina mashahidi wachache, na kila shahidi alisimama kwenye siku yake. Ukiwachanganya wote kwenye koti moja unapata askari ambaye hakuwahi kuwepo.

Kwa hiyo tuanze na nchi yenyewe. Ukoo wa Nassau uligawanyika milango miwili mwaka 1255, mlango wa Walram na mlango wa Otto. Wa Otto ndio waliokuja kuwa Orange-Nassau, wafalme wa Uholanzi. Wa Walram walibaki upande wenu huko, na mwaka 1806 matawi yao mawili, la Usingen na la Weilburg, yakaungana kuwa nchi moja chini ya duki, ndani ya Shirikisho la Rhine lililokuwa kwapani mwa Napoleon. Mkataba wa shirikisho hilo ulimpangia kila mmoja idadi ya askari wa kutoa. Bavaria peke yake ilitakiwa 30,000. Nassau na wale wakuu wengine wadogo wadogo wote kwa pamoja walitakiwa 4,000. Hapo ndipo unapoona udogo wake.

Rejimenti ya 2 ikapelekwa Hispania mwaka 1808 kumpigania Napoleon. Ilikuwepo kwenye mapigano ya Medellín, ikawepo Talavera mwaka 1809, ikakaa huko miaka mitano. Tarehe 10 Desemba 1813, karibu na mji wa Bayonne kusini mwa Ufaransa, kanali wao August von Kruse aliwavusha usiku kwa bendera na silaha zao mpaka upande wa Waingereza. Miezi kumi na minane baadaye rejimenti hiyohiyo iko Ubelgiji, sasa inapigana na Wafaransa, lakini koti bado limekatwa kwa mshono wa Kifaransa. Hili si jambo la pembeni. Jioni ya tarehe 18 Juni 1815, Waprussia walipofika uwanjani kutokea mashariki, waliwaona watu wa Nassau pale Smohain, kijiji cha ukingoni mwa uwanja, wakadhani ni Wafaransa, wakawamiminia risasi. Mtu akikwambia mavazi ni urembo tu wa kwenye meza, mpe habari hiyo.

Na siku hiyo ya Waterloo "Nassau" walikuwa makundi matatu, na hapa ndipo watengenezaji wa maboksi wanapowapoteza watu. Kuna Rejimenti ya 1, batalioni tatu, karibu watu 2,900, wengi vijana wapya, wakiwa na Kruse katikati ya safu ya Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao. Hawa ndio waliofunika shako zao, yaani kofia zao ndefu za kijeshi, kwa kitambaa cheupe. Kuna Rejimenti ya 2, wale wa Hispania, ambayo ilikuwa kwenye utumishi wa Uholanzi: batalioni yake ya 1 chini ya Kapteni Büsgen iliingia kwenye shamba la Hougoumont, nyingine zikashika upande wa Papelotte na Smohain. Halafu kuna Orange-Nassau, rejimenti namba 28, wale wa mlango wa pili wa ukoo. Hao koti lao ni la buluu ya giza na kola nyekundu, si kijani hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipoanza nilipaka askari 36 wa Hougoumont wenye vifuniko vyeupe vya shako, nikawapanga vizuri nyuma ya ukuta wa matofali, nikaita watu waje kuona. Mzee mmoja akawatazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Hawa wa Rejimenti ya 1 wamepotelea vipi huku?" Nilikaa wiki mbili nafuta vifuniko.

Sasa mashahidi. Nikipata picha yoyote ya askari wa Nassau, la kwanza ninalotazama ni mwaka aliochorewa, uzuri wa picha unasubiri. Mchoraji Mjerumani Richard Knötel alifanya kazi kubwa sana ya mavazi ya kijeshi, na wengi wa watengenezaji wa maboksi wananakili kwake bila kusema. Lakini Knötel alizaliwa 1857, yaani miaka 42 baada ya Waterloo. Alikusanya kwa waliomtangulia, naye hakuona lile koti likitembea. Picha ya boksi yako ni mjukuu wa mjukuu. Nguo iliyobaki kwenye makumbusho ni shahidi mzuri wa mshono, ila mara nyingi ni ya ofisa, kwa sababu ofisa alijinunulia na familia ikahifadhi, na koti la askari wa kawaida lilivaliwa mpaka likawa matambara. Anayenipendeza zaidi ni aliyekuwepo, anayetaja nguo au kifaa bila kukusudia, akiwa anaeleza jambo jingine.

Nikupe mifano miwili ya shahidi wa namna hiyo. Wa kwanza ni Mwanamfalme Bernhard wa Saxe-Weimar, kijana wa miaka 23, aliyejikuta anaongoza brigedi nzima pale Quatre Bras, njiapanda iliyopiganiwa siku mbili kabla ya Waterloo, kwa sababu mkuu wake alikuwa ameumizwa mguu na farasi. Usiku wa tarehe 15 Juni aliandika kulalamika kwamba batalioni ya pili ya Orange-Nassau wana magobori ya Kifaransa na risasi kumi kumi tu kila mtu, na kwamba wajaeger wake (askari wepesi wa kulenga shabaha) wa kujitolea wana bunduki za vipimo vinne tofauti. Yeye anaomba risasi. Wewe mpakaji rangi umepata kwamba hao wajaeger hawakuwa na bunduki za sare, kwa hiyo ukimbadilishia mmoja bunduki kutoka boksi jingine hujaharibu kitu.

Wa pili ni Meja Baring, Mjerumani wa jeshi la mfalme wa Uingereza, aliyelinda shamba la La Haye Sainte. Alasiri ghala likashika moto, na ndoo za kuuzimia hakuna, ingawa bwawa la maji lipo palepale uani. Wakati huo alikuwa ameongezewa watu 200 wa Nassau, na hawa mgongoni, juu ya shanta, walibeba masufuria makubwa ya kupikia ya jeshi. Baring akamvua mmoja sufuria lake, akachota maji, maofisa wakamfuata, kisha askari, na moto ukazimwa huku watu wakianguka. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza niliacha brashi. Miaka yote nilikuwa nawapaka hawa watu na shanta safi kama wanafunzi wa shule ya bweni, na kumbe kuna waliokwenda vitani na sufuria la kombania mgongoni.

Wewe una bahati ambayo mimi huku Mombasa sina. Hifadhi kuu ya nyaraka ya jimbo la Hesse, yenye makaratasi ya serikali ya Nassau, iko hapohapo Wiesbaden, Mosbacher Straße, na orodha yake unaweza kuipekua kwenye mtandao kwa jina la Arcinsys kabla hujatoka nyumbani. Usiende kutafuta picha. Tafuta maagizo ya vitambaa, hesabu za mafundi cherehani, orodha za mali. Karani anayetaka kulipwa hesabu yake hana sababu ya kupamba.

Tatizo lako litakuwa mwandiko. Makarani wa zama zile waliandika kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, ambamo herufi "e" inafanana na "n" mpaka macho yanauma. Nikupe mtego mmoja unaohusu suruali zako moja kwa moja. Kijivu kwa Kijerumani ni grau, kijani ni grün. Maneno yote mawili yana herufi nne na yanaanza sawa. Kwenye mwandiko wa haraka kinachokusaidia ni alama ya juu: kwenye Kurrent "u" ya kawaida huvikwa kijipinde juu ili isidhaniwe "n", na "ü" huvikwa nukta mbili au vistari viwili. Sasa angalia alama imekaa juu ya herufi ya ngapi. Ikikaa juu ya ya tatu, soma grün. Ikikaa juu ya ya nne, soma grau. Nimeshaona ubishi wa kelele nyingi juu ya suruali ambao ungekwisha kwa mtu kuhesabu mpaka nne.

Kwa boksi lako mimi ningefanya hivi. Chagua Rejimenti ya 1, jioni ya tarehe 18 Juni, kwa kuwa vifuniko vyeupe vya shako vitakurahisishia na vitapendeza juu ya meza. Suruali wengi kijivu, wachache kijani, mmoja mmoja kitani chakavu. Usiogope mchanganyiko, watu wa vitani hawafanani kama kwenye gwaride. Kisha kumbuka usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha bila huruma na watu walilala mashambani. Paka tope la kahawia lililoelekea manjano kutoka viatuni mpaka magotini. Nusu ya ubishi wa suruali utafunikwa na tope, na itakuwa halali.

Tuje kwenye kijani, maana hapo ndipo unapoumia. Kuna makosa mawili tofauti na nimeyafanya yote.

La kwanza ni kuamini koti la makumbusho. Kijani cha zama zile hakikutoka kwenye kopo moja. Kitambaa kilipakwa manjano ya mmea, Wajerumani wanauita Wau, kikatiwa pia nili, na manjano juu ya buluu ikatoa kijani. Nili wewe unaijua, ndiyo rangi ya kaniki za bibi zetu: hung'ang'ania uzi. Manjano ya mmea haina subira hiyo, mwanga unaila kwanza. Miaka mia mbili ikipita, koti lililokuwa kijani limerudi kwenye buluu yake. Niliwahi kuchanganya rangi kwa kufuatisha picha ya koti la namna hiyo, nikapaka batalioni nzima, wakatoka kama mabaharia. Kwa hiyo ukiona kijani cha makumbusho kimeelekea buluu, kirudishie manjano kichwani mwako kabla hujafungua kopo.

La pili ndilo lako. Unapaka kijani cha kweli cha kitambaa cha kweli juu ya kitu cha sentimita tatu. Mtu mzima akisimama juani, koti lake la giza linapata mwanga begani na kivuli kwapani, jicho likaona kijani. Askari wako ni mdogo mno kujitengenezea mwanga na kivuli chake, inabidi umtengenezee wewe. Kama ulianza na praima (rangi ya kwanza ya chini) nyeusi, ukapaka kijani cha giza, halafu ukamwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa ili mikunjo ionekane, lazima awe mweusi. Anza na praima ya kijivu. Paka kijani kilicho hatua moja mbele kwa weupe kuliko unachodhani ni sahihi. Kwenye mikunjo tia kijani kilekile ulichokitia tone la nyeusi, mikunjoni tu, kwa ncha ya brashi, usimwogeshe askari mzima. Halafu mabegani, viwikoni na juu ya mikunjo, paka kijani ulichokichanganya na rangi ya mchanga kidogo. Usitie nyeupe. Nyeupe ndani ya kijani inaleta rangi ya dawa ya meno.

Kola na mapindo ya mikono usipake nyeusi tupu, la sivyo zitakuwa mashimo. Paka nyeusi, kisha pitisha mstari mwembamba wa kijivu cha giza kwenye ukingo wa juu. Kwa maofisa kola ni mahameli, na mahameli humeza mwanga, hao waachie weusi wao.

Paipini ya manjano ndiyo inayotenganisha wenye subira na wasio nayo. Usijaribu kuichora mstari mwembamba mwishoni, mkono utakusaliti. Fanya kinyume. Kabla ya kola nyeusi, paka eneo lote la ukingo rangi ya udongo wa manjano, kwa sababu manjano safi juu ya giza haishiki hata ukipaka mara nne. Juu yake paka manjano, nene bila kujali. Ikikauka, rudi na nyeusi upande wa kola na kijani upande wa koti, ukiila manjano pole pole kutoka pande zote mbili mpaka ubaki uzi. Ukila sana, ongeza manjano, anza tena. Mimi huwa nakishikilia kizibo alichogandishiwa askari kwa mkono wa kushoto, viganja viwili vimegusana chini, na pumzi nimeibana. Mke wangu anasema naonekana kama mtu anayetoa mwiba.

Mikanda: kahawia ya kati kwanza, juu yake rangi ya udongo wa manjano ukiacha kahawia ibaki pembeni kama mstari wa kivuli, mwisho rangi ya maziwa ya chai kwenye sehemu inayopinda juu ya kifua. Vifuniko vya shako anza na kijivu kilichoelekea mchanga, panda mpaka karibu na nyeupe, usifike. Magrenadia, wale askari wateule, wavike kofia za manyoya zenye mfuko mwekundu na shungi jekundu, manyoya uyapake kahawia iliyoiva sana badala ya nyeusi.

Praima ya kupuliza usiipulizie nje wakati wa baridi yenu, itakauka kama chumvi. Huku kwetu adui ni unyevu wa masika, matokeo ni yaleyale.

Baki sasa na sufuria. Boksi halitakupa. Chukua kijiti cha duara cha unene wa milimita 6, ambacho kwa kipimo cha 1:56 cha askari wako ni sufuria la sentimita 33 na kidogo, kata kipande cha milimita 5, toboa juu kidogo upate shimo, pinda uzi wa waya uwe mkono wake, uligandishe juu ya shanta la mtu mmoja au wawili. Lipake nyeusi ya masizi chini, na juu kijivu cha bati palipopigwapigwa. Askari wote wapulizie vanishi isiyong'aa, ila mdomo wa sufuria ufute na uuache ung'ae kidogo, maana kuna mtu analisugua kila jioni.